Pindo la Boshori

Nasimiyu mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda Ndalu kumuaga kukhu wako, na najua hutarudi mapema, maana nyanya yako huyo hajawahi kumwachilia mgeni kabla hajala kuku. Nimefunga kibanda. Wateja nimewaambia mashine ya kufuma imeharibika, na huo ni uongo mtupu, mashine iko sawa kabisa, aliyeharibika ni mimi. Mvua inagonga mabati, baba yako amelala kwenye kiti huku redio ikiongea peke yake, na mimi nimeona niandike yale ambayo kesho asubuhi yatanishinda. Nikifungua mdomo kesho nitaishia kukuuliza kama umebeba mswaki.

Kwa hivyo mambo ya mswaki sitayaandika hapa. Wala ya chandarua, wala ya kwenda kanisani, wala ya wanaume wanaotembea na funguo za gari bila gari. Hayo unayajua, na yale usiyoyajua utayapuuza kwanza ndipo uyajue, kama nilivyofanya mimi. Nataka kukuandikia juu ya wivu, na wivu wenyewe ni wangu.

Watu hapa Kamukuywa wananicheka. Wakiniuliza Nasimiyu anahamia wapi nikawajibu Kitale, wanasema ah, Kitale hapo tu, si utakuwa unampelekea ugali ukifika bado una moshi. Jirani yetu ambaye msichana wake yuko Uarabuni aliniambia niache kujililia bure. Ni kweli, Kitale ni karibu, na hapo ndipo penye uchungu. Ungekuwa unaenda mbali ningelaumu umaskini, ningelaumu serikali, ningelia vizuri na watu wakanipa pole. Lakini wewe unatoka kwa nyumba yangu unaenda kuishi kwa nyumba ya mwanamke mwingine, pale pale ninapoweza kufika na kurudi kabla maharagwe hayajaiva, kwa sababu umependa kazi yake kuliko yangu. Sina wa kulaumu isipokuwa kondoo.

Na mimi ndiye niliyekutuma. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, uzi wa maruni ukaniishia, nikakutuma Kitale kwa muuzaji wangu wa siku zote. Ulirudi jioni na uzi wangu, sikatai, lakini ulikuwa pia na mfuko wa khaki, na ndani yake bonge la sufu ya kijivu, bado ina mafuta ya mnyama na inanuka zizi. Uliisukuma hadi puani mwangu, macho yako yakiwa yale ya siku ya Krismasi.

"Mum, hii imetoka Saboti, hapo tu chini ya mlima," ulisema. "Mwenye kondoo alikuwa anaitupa kwa fensi. Ati anatupa."

Nilikuambia uondoe uchafu huo juu ya meza yangu ya kazi. Ukauondoa, ukaenda nao chumbani, na nadhani tangu siku hiyo hujatoka tena vizuri. Kesho yake ulitaka kurudi Kitale. Ukasema kuna mama mmoja nyuma ya soko, anaitwa Mama Njeri, ananunua manyoya kwa wakulima wa huku mlimani, anayafua, anayachana, anayasokota kuwa uzi, halafu yeye na wasichana wake wanafuma kofia za boshori, skafu, glavu na soksi. Nikasema sawa, nenda uone. Nilidhani ni jambo la wiki moja.

Mwaka mzima sasa mama huyo amekula nasi chakula cha jioni bila kukanyaga mlango wetu. Mama Njeri anasema sufu ikinyeshewa bado inapasha joto. Mama Njeri anasema uzi wa dukani unamwagiwa kemikali huko unakotoka, unapanda meli, unapanda lori, na sisi tumekaa na kondoo wanaopita mbele ya mlango. Mama Njeri anachemsha maganda ya vitunguu yanayofagiliwa sokoni anapata rangi ya dhahabu. Siku moja baba yako aliuliza kama Mama Njeri ameruhusu chumvi ipitishwe upande wake. Wewe ulicheka. Mimi nilicheka pia, lakini mate yalikuwa machungu.

Unielewe. Uzi huo wa dukani ndio umetulea. Ndio uliokupeleka sekondari, ndio uliokupeleka chuo, ndio uliojenga hata jiko hili ninamoandikia. Nimefuma sweta za nusu ya watoto wa Tongaren. Halafu unakuja mezani kwangu unaniambia, kwa sauti ya upole ya kuongea na wagonjwa, kwamba uzi wangu ni plastiki.

Sasa nikuambie kitu ambacho sikukuambia. Wakati ule nilipolima kile kipande nyuma ya choo nipande sukuma wiki, jembe lilinasa. Nikavuta, nikavuta, ikatoka sweta. Nilikuwa nimeitupa kwenye shimo la taka ukiwa bado chekechea. Nilijua ni yangu kwa vile shingo ilivyofungwa. Mizizi ya mti wa parachichi ilikuwa imepita katikati ya mkono wake, na rangi ilikuwa maruni ile ile. Niliisuuza kwenye ndoo ikang'aa, mtu angeweza kuivaa Jumatatu.

Nikakumbuka kwamba wewe nawe ulikuwa umefukia vipande vya sufu kwenye migomba, kwa kuwa Mama Njeri alikuwa amesema. Nikaenda na jembe langu. Ndiyo, nilienda kufukua taka za mtoto wangu, mtu mzima mimi, nikiangalia nyuma nisionekane. Nilitamani sana nizikute. Sikukuta chochote isipokuwa udongo mweusi na minyoo iliyonenepa. Nilikasirikia minyoo, Nasimiyu. Niliirudishia udongo kwa hasira, na ndizi za mgomba ule zilipokuja kuwa nzuri kuliko zote nikakuambia ni mvua.

Halafu kuna lile kovu lako. Ulikuwa na miaka mitatu, ulikuwa umevaa sweta niliyoifuma mimi, nyekundu, yenye bata kifuani. Nilikuacha karibu na jiko la makaa nikaenda kuongea na mteja. Cheche ndogo tu iliruka ikatua kwenye mkono wa sweta. Ingekuwa pamba ingetoboka. Ingekuwa sufu, kama ulivyonionyesha juzi kwa kiberiti, ingenuka nywele iliyoungua kisha izime yenyewe. Ile iliyeyuka ikakushika ngozi. Nilipoivua ilitoka na kipande chako. Kwa miaka yote hii nimesema kosa lilikuwa la jiko, halafu nikasema la mteja. Siku uliponiwashia kile kiberiti mbele yangu, ukifurahi jinsi sufu inavyokataa moto, niliangalia mkono wako ulioshika uzi, nikaona kovu, na nikatoka nje nikisema naenda kuanua nguo. Hakukuwa na nguo kwenye kamba.

Hiki ndicho kiini cha wivu wangu. Mama Njeri anasema kweli. Angekuwa mjinga au mwongo ningekaa nimsubiri aanguke, na nina subira mimi. Lakini amekuja na kitu kizuri, kimetoka hapa hapa petu, kinawapa wakulima hela kwa kitu walichokuwa wanatupa, kinavaliwa miaka na miaka na kikichoka kinarudi shambani kuwa mbolea. Na amekuonyesha yeye, si mimi, ingawa mimi nimepita mbele ya kondoo wa nyanya yako tangu nilipoolewa.

Kwa hao kondoo wa Ndalu ndiko nilikoaibika. Ulikuwa umeenda Kitale. Nikamwomba kukhu manyoya, akanipa gunia akiniuliza kama nimekosa godoro. Nilitaka nikuonyeshe kwamba hata mimi naweza, kwamba hakuna ufundi hapo wa kumfanya mtu alale nje. Nikachemsha maji kama ya kunyonyolea kuku. Nikatumbukiza sufu, nikatia sabuni ya unga, nikasugua kama ninavyosugua kola ya shati ya shule, kwa nguvu zangu zote, maana nilikuwa na mawazo. Kisha nikasuuza kwa maji baridi ya kisima. Kilichotoka mle kilikuwa kitu kimoja kigumu, kimeshikana, hakiwezi kuchanwa wala kuvutwa. Gunia zima limekuwa mkeka.

Ule mkeka mzito ulio chini ya mashine yangu, ambao uliniuliza ulitoka wapi nikakuambia ni blanketi la zamani la baba yako, ndio huo. Baba yako anajua. Amenidai nyama ya kunyamazia tangu siku hiyo. Lakini tangu niuweke pale mashine haipigi kelele tena, hata jirani yangu kinyozi amenishukuru, na hilo nalo limeniudhi, kwamba hata nikiiharibu sufu hiyo bado inafaa.

Lakini hayo yote ningeyameza. Lililonikaa kooni ni simu. Ulikuwa nje unaosha vyombo, simu ukiwa umeibana begani, nikakusikia unasema, "Sawa mum, nitakuja nayo kesho. Haya mum, lala salama." Nilidhani unanitania mimi. Nikaitika kutoka ndani. Nikasikia unacheka na mtu mwingine.

Hukutambua hata kidogo. Kesho yake uliniuliza kwa nini nimenuna, nikasema ni jino. Ulinifuata na karafuu siku mbili. Nilitafuna karafuu za watu bure.

Ndipo nikaenda Kitale. Sijawahi kukuambia. Kila Mama Njeri aliposema anataka kuja kunisalimia, nilikutuma umwambie nina sweta nyingi za kumaliza, hata mwezi ambao shule zilikuwa zimefungwa na sina oda moja. Sikutaka aje aone kibanda changu. Lakini nilitaka kuona chake. Nikangoja siku uliyokuwa umepanda Saboti na wenzako kuchukua manyoya, nikavaa lile gauni la harusi ya binamu yako, nikafunga kitambaa hadi kwenye nyusi, nikaenda kuwa mteja.

Nilitarajia mwanamke wa kujipodoa. Nikamkuta mama mfupi, amekaa kwenye stuli, miguu mitupu, anasokota uzi kwenye gurudumu huku akipigana na paka anayetaka kulalia sufu. Amevaa aproni kama yangu. Alinikaribisha akaniuliza nimetoka wapi. Nikasema Webuye. Akasema karibu, angalia, hata usiponunua gusa tu.

Basi nikagusa. Zilikuwa zimepangwa kwenye rafu, boshori za kijivu, za kahawia, nyeupe ya maziwa, na zile za dhahabu za maganda ya vitunguu. Sikutaka zinipendeze. Niligeuza moja nikitafuta kosa, maana mtu aliyefuma sweta miaka yote hii anajua pa kutafutia kosa, anatafuta mwisho wa kazi, pale mshono unapofungwa. Nikageuza pindo. Mkono wangu ukalijua kabla ya macho.

Unajua pindo lile lilikozaliwa, lakini acha nikuambie tena, kwa sababu ulipoambiwa mara ya kwanza ulikuwa darasa la nne na ulikuwa unataka kwenda kucheza. Nilipoanza kazi nilikuwa nafunga shingo za sweta kwa kukaza, nikidhani kukaza ndiko kazi nzuri. Siku ya soko, wiki ya kufungua shule, mama mmoja akamvalisha mwanawe sweta yangu mpya mbele ya kibanda. Kichwa kikaingia nusu. Hakiendi mbele hakirudi nyuma. Mtoto analia ndani ya sweta, mama anavuta juu, mimi navuta chini, na Kamukuywa nzima imesimama kuangalia. Mwishowe nilichukua makasi nikaikata shingo ya sweta ambayo haikuwa imevaliwa hata dakika moja. Walinitania miezi. Waliniita mama wa kunyonga.

Nilikaa na sindano na vipande vya uzi, nafunga, nafumua, nafunga tena, hadi nikapata njia. Uzi unapita kila tundu mara mbili, na kidole gumba kinakaa ndani kama mtoto anayekataa kutoka, kinapima nafasi. Hakuna aliyenifundisha. Pindo likifungwa hivyo linavutika likarudi, halikati mtu, halilegei. Nilikufundisha wewe peke yako. Na nikakuambia, nakumbuka vizuri kwa sababu nilikuwa nimekushika sikio kidogo, usimwonyeshe mtu yeyote, hii ndiyo ugali wetu.

Sasa nimesimama Kitale, nimeshika boshori ya kondoo wa Saboti iliyofungwa kwa kidole gumba changu. Nikahisi nimeibiwa. Nilijiambia, kumbe mtoto wangu ameuza. Amempa na hiki pia. Nikamuuliza Mama Njeri, kwa sauti niliyojaribu kuifanya ya Webuye, ni nani aliyefunga hapa.

Aliacha gurudumu likasimama. Maneno yake nimeyabeba hadi leo, na nakuandikia kama alivyoyasema.

"Hiyo usidhani ni mimi," alisema. "Mimi nilikuwa nafunga ngumu, wateja wanarudi na alama kwa uso. Huu uzi wetu wa kusokota na mkono hautaki kukazwa. Hiyo ni ya msichana mmoja wa huko Bungoma. Nimemwomba anionyeshe, amekataa kabisa. Anamalizia boshori zote yeye mwenyewe, akigeukia ukuta. Ati hiyo si yake ya kupeana, ni ya mamake, nikiitaka niende nimuulize."

Nikamuuliza kama ameenda.

"Nitaenda aje na kila siku ako na sweta za kumaliza," alisema, na akacheka kidogo. "Mimi hata namwonea wivu huyo mama. Wangu, Njeri, nilimfundisha kila kitu, hakuna nilichoficha. Akaenda Nairobi kukaa benki. Saa hii hata kifungo hawezi kushona. Huyu mwingine amefichwa kitu kimoja tu, na anakilinda hivyo."

Nilijifanya naangalia soksi. Nasimiyu, nilifurahi vibaya. Nilifurahi kama mtu aliyeshinda kesi. Nilitaka nitoke nje niwapigie kelele watu wa tuk-tuk kwamba mtoto wangu anageukia ukuta. Na katikati ya furaha hiyo nikaviona vile vidole vyake, vimechoka kama vyangu, na nikajua hakuwa na haja ya kuniambia habari ya Njeri, na nikaona haya. Nikanunua ile boshori kwa bei yake kamili bila hata kubishana, jambo ambalo sijawahi kulifanya Kitale. Akaifunga kwa karatasi akanipa kwa mikono miwili.

"Asante mum," alisema. "Safari njema. Salimia watu wa Kamukuywa."

Nilikuwa nimemwambia Webuye.

Nilifika mlangoni ndipo neno hilo likaniingia. Wewe umechukua sura yangu yote, hata mwanya wa meno, hata namna ya kukunja shingo tukiangalia mshono. Alinijua nilipoingia. Alikaa akaniacha niwe mtu wa Webuye, akaniambia kitu nilichohitaji kusikia bila kunivua nguo mbele ya paka wake. Sikugeuka nyuma. Ningegeuka ningelia, na gauni lile halikuwa na mfuko wa leso. Nikaenda zangu nikiwa na hasira mpya, maana hata kwa wema alikuwa amenishinda.

Boshori ile ndiyo ninayovaa kuandika barua hii. Baridi ya mvua hii unaijua. Imenyeshewa nilipokuwa natoa kuku nje ya bustani, na kichwa changu kina joto, kwa hivyo na hilo nalo Mama Njeri alisema kweli. Wiki zote hizi nimekuwa nikiificha chini ya godoro upande wa baba yako. Wewe ulikuwa ukimuuliza Mama Njeri ni nani aliyeinunua ile ya kijivu uliyoipenda, naye anakujibu ni mama mmoja wa Webuye. Uliniambia mwenyewe, tukila. Amenitunzia uongo wangu.

Sijaandika haya ili nikuambie wivu umeniisha. Haujaisha. Kesho ukiingia kwake atakuwa amekuandalia kitanda, na nitajiuliza kama shuka zake ni nzuri kuliko zangu. Ukipata homa ni yeye atakayekuwa karibu. Nitawaza akikucheka unapoimba ukifuma, na hayo ya kuimba nilikuwa nimezoea kuwa nayo peke yangu. Sitasema uongo katika hili. Lakini nimejua kitu, na nimekijua nikiwa nimechelewa na kufunga kitambaa kwenye nyusi. Nilikuwa nafunga kwa kukaza tena. Nilikuwa nimesahau yule mtoto analia ndani ya sweta, na mimi ndiye niliyekuwa navuta chini. Wewe hukuwahi kunikaza, ulibaki umeshika jambo langu dogo, ukageukia ukuta, bila hata kuja nyumbani kujisifu.

Kwa hivyo nakufungua. Lakini usimfundishe wewe. Hapana, kwa hilo nimekataa, bado nina roho yangu. Mwambie Mama Njeri kwamba yule mteja wa Webuye anasema aje Kamukuywa Jumapili baada ya ibada, aje na sindano zake. Atanionyesha jinsi ya kufua sufu bila kuifanya mkeka, nami nitamwonyesha mahali pa kuweka kidole gumba. Nitamwandalia kuku, na nitaweka chai yenye maziwa mengi, na nikimnunia kidogo mwanzoni mwambie asijali, ni jino.

Jambo la mwisho. Nimesikia alivyoniita. Kumbe Kitale huko kila mtu ni mum, hata mama wa kupita anayenunua boshori. Basi mwite hivyo, sitaitika tena kutoka ndani. Lakini kabla hujaanza shule, kabla hujajua kuna maneno ya Kiingereza, ulikuwa ukiniita mayi, mama kwa lugha ya kwetu. Ulikuwa ukisimama kwenye mlango wa kibanda na kamasi zako, unaita mayi, mayi, hadi niache mashine. Sijui uliacha lini, nilikuwa nafanya kazi.

Mum mpe yeye. Mayi nirudishie mimi.

Ninayeitwa na soko zima kwa jina lako,
Mama Nasimiyu